Sinia la Idi Pili

Siku mbili kabla ya Idi nilishuka sokoni kununua nyama. Muuza nyama wetu kazi yake ni kukata, lakini anachokipenda zaidi ni kuuliza.

"Kilo mbili, Mak Inar? Kwani siku hizi unaishi na nani?"

"Naishi na maneno ya watu," nikamwambia. "Kata hapo pajani, na usinichomekee mafuta matupu. Mkwe wangu anakuja Idi Pili."

Panga likasimama hewani kidogo. Kisha akakata, akafunga, akanitilia na kipande cha juu ambacho sikukiomba. Mtu yule hajampa mtu nyongeza tangu arithi meza ile kwa baba yake. Ningepaswa kujiuliza kulikoni, lakini nilikuwa nimefunga, jua limepanda, na nazi nilikuwa bado sijanunua.

Jina langu Syamsinar, ila kijiji chetu chote cha Koto Rawang kinaniita Mak Inar, yaani Mama Inar. Nina miaka sitini na tisa, magoti mabovu na ulimi mzima. Nyumba ninayokaa ilikuwa ya bibi yake bibi yangu. Kwetu nyumba haiendi kwa mtoto wa kiume, inapita kwa mabinti, na mimi Mungu alinipa mtoto mmoja tu, naye mvulana. Nikifunga macho, ufunguo watauchukua watoto wa binamu yangu walioko Jakarta, ambao hawajui hata jiko liko upande gani.

Mwanangu Erizal alipooa alihamia kwa mkewe, kama desturi inavyotaka, huko Ujung Bukik, mwendo wa nusu saa kwa miguu ng'ambo ya mto. Kwa hiyo kulala peke yangu nimekuzoea, msinihurumie kwa hilo. Alikuwa dereva wa lori, akipeleka kabichi mjini Pekanbaru. Mwaka jana, mwezi mmoja na siku chache baada ya Idi, mlima uliporomoka juu ya barabara naye akiwa chini yake. Nimelisema mara moja, silirudii.

Akabaki mkewe, Desmawita. Wita. Watoto hawakujaaliwa. Wangepata hata mmoja, ningekuwa na sababu ya kwenda kule na peremende mfukoni kila Ijumaa. Sasa kati yangu mimi na yule binti kilibaki kitu kimoja tu, nacho ni sinia la Idi Pili.

Idi Mosi kila mtu yuko kwao. Idi Pili ni siku ya wakwe. Wanawake wenye waume wanajitwika masinia kichwani, yamefunikwa makawa ya rangi, wanakwenda kwa mama wa mume. Miaka kumi na miwili Wita alinijia hivyo. Nilikuwa nikimsikia tangu kwenye daraja, kwa sababu Erizal alikuwa nyuma yake akimtania njia nzima. "Pole pole, mke wangu, ukilidondosha hilo tutahamia Malaysia leo leo!"

Analitua sinia jikoni, ananibusu mkono, anafunua. Mna rendang, ile nyama yetu ya kupikwa kwa tui na viungo mpaka mchuzi wote ukauke, mna wali wa kunata uliookwa ndani ya mianzi, mna keki ya mayai kumi, mna ndizi. Mimi sigusi kingine kabla ya rendang. Nachukua kipande kwa vidole, na Wita anachuchumaa mbele yangu, macho yake kwenye mdomo wangu.

Mwaka wa kwanza nilimwambia khulinjani, ule mzizi wa kiungo unaofanana na tangawizi, imepungua. Mwaka wa pili moto ulikuwa mkali, tui limekatika. Kuna mwaka nilisema nazi zilikuwa changa, na mwingine kwamba nyama ameikata kwa kufuata nyuzi badala ya kuzikatiza. Kila nilichosema, mwakani hukikuti tena. Ikabidi niwe natafuta. Miaka ya mwisho nilikuwa natafuta kama mtu aliyedondosha sindano kwenye mchele.

"Amak," Erizal aliniuliza siku moja, anacheka, "na siku ukikosa kasoro utafanyaje?"

"Nitakufa," nikamwambia. "Mtakula keki kwenye matanga."

Mwaka wa nane Wita alinijibu. Nilisema khulinjani, basi tu, kwa kukosa la kusema. Akainua uso, akaniambia, "Khulinjani ipo, Amak. Ni ulimi wako umezeeka." Nikamkunjia uso. Walipoondoka nilicheka peke yangu mpaka nikashika mbavu. Nilimpenda siku ile, na nadhani nilikuwa nimempenda tangu zamani. Sikumwambia. Kwani mtu anasemaje kitu kama hicho, na mdomo umejaa nyama?

Basi mwaka huu nilichotaka ni kimoja. Wita aingie kwangu Idi Pili na sinia lake, nijue bado nina mtu wangu hapa duniani. Sikutaka kingine. Hata keki asingeleta ningesamehe.

Dalili nilizipata ndani ya mfungo, nikazikataa. Kwetu mwanamke hupeleka futari kwa mama mkwe walau mara moja. Kumi la kwanza likapita, sikuona mtu. Kumi la pili likapita. Kila jioni nilipika uji wa watu wawili, na kila jioni niliula mpaka tumbo likaniuma, maana kumwaga chakula mwezi mtukufu ni dhambi.

"Labda ni mvua," nikamwambia Jusna.

Jusna ni jirani yangu na shoga yangu tangu tukiwa darasa moja. Habari ya mtu anaijua kabla mwenyewe hajaijua, na kwa kila jambo ana majibu matatu. Siku ile aliendelea kupepeta mchele wake.

"Labda," akasema.

"Au anaumwa."

"Labda, Inar."

"Wewe leo umekula nini? Labda, labda! Mtu nimekuja kwako kwa maneno, unanipa mawili."

"Nimefunga, bibi. Na wewe umefunga. Nenda kapumzike."

Siku ya mwisho ya mfungo nilipika. Rendang ya watu wa huku haitaki haraka. Nilikuna nazi nane, nikakamua tui zito na tui jepesi, nikasaga pilipili, vitunguu, tangawizi na khulinjani kwenye jiwe, nikatia mchaichai na jani la manjano, nikawasha kuni za mdalasini ambazo moto wake ni wa adabu. Tui likichemka unageuza. Likiwa mchuzi unageuza. Mchuzi ukikauka na mafuta yakatoka, hapo ndipo hutakiwi hata kwenda chooni. Zamani Erizal alikuwa akipokea mwiko mkono wangu ukichoka. Mara hii nilikuwa nabadilisha, wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Mchana kutwa niligeuza nikiwa na mawazo kibao, na nyumba imenyamaza.

Jusna akachungulia dirishani. "Inar, unapika ya nini yote hiyo? Si anakuja na yake?"

"Sinia lake litarudi tupu? Yeye ananiletea, mimi namrudishia. Umesahau desturi au unajitia?"

Jusna akazunguka, akaingia jikoni. Akanisaidia kugeuza mpaka adhana, kisha akaenda kwake, ambako wajukuu kumi na mmoja walikuwa wameshafika na magari kutoka mjini, wamejaza uwanja wote mpaka nje ya ua wangu.

Idi Mosi ilikuwa njema. Nilisali, niliomba radhi na kuombwa radhi, wageni walipanda ngazi zangu na kushuka. Walikula rendang yangu na wote waliisifu. Kila aliyeniuliza habari nilimpa ile ile. "Mkwe wangu anakuja kesho." Wakawa wanaitikia, "Alhamdulillahi," halafu wanatazama vikombe vyao.

Idi Pili niliamka mapema, nikafagia mpaka chini ya nyumba. Nikatandika mkeka mpya jikoni. Nikachagua kasoro. Ndiyo, nilichagua kabisa, maana nilitaka iwe ya maana mwaka huu: nitamwambia jani la manjano amelitia likiwa limekauka. Nikakaa juu ya ngazi.

Masinia yakaanza kupita. La kwanza lilikuwa na kawa jekundu, lilikwenda kwa Jusna. Mkwe wake yule hata wali unamshinda, lakini alikuja, na nikasikia Jusna anavyopiga kelele za furaha. Yakapita mengine mawili, halafu matano pamoja, wanawake wanacheka, waume nyuma wamebeba watoto. Kila aliyepita alinisalimia. "Idi njema, Mak Inar! Unapunga upepo?"

"Napunga," nikawaambia.

Adhuhuri nikasali haraka haraka asije akanikosa ngazini. Alasiri ikanyesha. Nikajiambia amesubiri mvua ikatike. Ilipokatika, Jusna alikuja na sahani iliyofunikwa, akakaa ngazi ya chini yangu.

"Njoo ule kwangu, Inar."

"Kwako kuna nini?"

"Kuna mimi."

"Mtu hali Idi Pili kwa jirani wakati ana mkwe wake," nikasema. "Nikija huko, yeye akifika atamkuta nani?"

Jusna alinishika goti langu bovu. Nilitamani aniudhi, nipate kugombana. Alipoondoka nilikunja mkeka. Sikulia, ila nilijisikia kama nyumba yote imehamishwa na mimi ndiye niliyesahauliwa ndani.

Asubuhi ya Idi Tatu nikaamka na hasira. Nilifurahi kuiona, kwa kweli, maana hasira inamtoa mtu kitandani. Nikashusha sinia la mama yangu, lile la shaba, nikalifuta, nikapanga rendang bakuli zima, wali, ndizi, biskuti za wageni zilizobaki. Nikafunika na kawa. Nikakunja kata ya kitambaa, nikalitwika.

Jusna alikuwa anaanika nguo. Zikamponyoka.

"Inar! Unakwenda wapi na hilo?"

"Ujung Bukik."

"Mama mkwe anabeba sinia kumpelekea mkwe? Tangu lini?"

"Tangu leo."

"Watu watasema umerukwa na akili."

"Si midomo ni yao? Waseme mpaka ikauke."

Akaja mbio akasimama mbele yangu, nguo mbichi begani. "Inar, shoga yangu, nisikilize. Kuna jambo..."

"Kama kuna jambo nitalikuta huko huko," nikasema. "Nipishe, shingo inaniuma."

Akanipisha. Najua sasa kwamba alikuwa na neno, na najua niliona usoni mwake ni neno gani. Ndiyo maana nilimkatisha.

Njia ile nilikuwa naijua kwa macho ya anayengoja, si kwa miguu ya anayebeba. Ni ndefu zaidi ukiwa na sinia. Nilishika kingo za mashamba ya mpunga, nikavuka mfereji, nikapita penye kibanda cha kahawa ambako wanaume wa Idi Tatu hukaa wameshiba na hawana la kufanya.

"Ala! Mak Inar, sinia linarudi nyuma?" mmoja akapiga kelele. "Umeolewa lini, hatukualikwa?"

"Ningeolewa na wewe, lakini mama yako hapiki!" nikamjibu bila kugeuza shingo.

Wakaangua kicheko, wakagonga meza. Kisha nikasikia mmoja wao, mtu mzima, anawaambia kwa sauti ya chini, "Acheni. Acheni jamani, mwacheni apite." Wakaacha. Nilitamani waendelee kucheka.

Nyumbani kwa kina Wita mbele kulikuwa na wageni wa mama yake, viatu vimejaa ngazini. Mimi nikazunguka nyuma, nikaingia mlango wa jikoni. Wita alikuwa amechuchumaa sakafuni, amevaa gauni jipya la kijani na mtandio wake, na mbele yake kuna sinia limepangwa, anataka kulifunika.

Nitasema ukweli, moyo uliniruka kama wa msichana. Nilijua ni langu. Nilifurahi mno hata nikaanza kugomba pale pale.

"Ndiyo saa hizi? Jana nimekaa juu ya ngazi mpaka makalio yamekufa ganzi, wewe sinia unalifunika leo?"

Wita akasimama. "Amak." Halafu akaona nilichobeba. "Amak, umejitwika sinia? Wewe? Umepita nalo barabarani?"

"Miguu yako imeota mizizi, nifanyeje? Nitue basi, au unataka nife nikiwa nimesimama?"

Akanitua. Akanibusu mkono, akaung'ang'ania. Nikaona mabega yake yanatikisika.

"Amak, hili si lako."

"Lipi?"

"Hili." Hakuligusa, alilitazama tu. "Nimechumbiwa. Tangu Rajabu. Mjomba ndiye aliyepokea posa. Ni Mwalimu Fadlan, mtoto wa Mak Rabiana."

"Rabiana wa karibu na msikiti? Yule ambaye rendang yake inaliwa kwa kijiko?"

Ilitoka yenyewe. Wita akacheka katikati ya machozi, na mimi nikacheka, tukacheka wote wawili mpaka ikatupasa kuacha. Tulipoacha, kule mbele wageni walikuwa wanagonganisha vikombe.

"Na jana?" nikamwuliza.

"Jana nilivaa. Idi Pili ni yako, Amak, sikuweza kuipeleka kwingine. Mjomba akaniambia mwanamke hawi na mama wakwe wawili. Nikija kwako nitakuwa nimemwaibisha Mak Rabiana, na uchumba wenyewe mchanga. Basi sikuja kwako, na kwake sikwenda. Nilikaa hapo mlangoni."

"Kutwa?"

"Mpaka mvua."

Nikawaza jinsi tulivyokuwa. Mimi juu ya ngazi yangu, yeye mlangoni kwake, nusu saa ya mwendo kati yetu, kila mtu amevaa vizuri na anatazama njia.

"Ungenituma hata mtu akaniambie," nikasema.

"Ningekuambia nini, Amak? Mwaka wenyewe haujatimia."

"Eda yako imekwisha. Una miaka thelathini na tano. Ulitaka ukae ulilinde kaburi?" Nilisema vizuri. Yule mwalimu namfahamu, ni mpole, kila asubuhi anamsindikiza mama yake sokoni. Sikuwa na neno la kumtia doa. Moyoni nilikuwa nimebeba jiwe, na halikuwa kosa la mtu yeyote, jambo ambalo linachosha kuliko kosa.

Wita akajifuta kwa upindo wa mtandio. Akafunua bakuli la rendang kwenye sinia la Rabiana, akalisogeza kwangu.

"Onja, Amak. Kabla sijaenda."

Akachuchumaa. Macho yake kwenye mdomo wangu.

Nikachukua kipande. Ilikuwa nyeusi bila kuungua. Mafuta yametoka na kurudi ndani. Nyama ilishika kwanza, halafu ikaachia, na khulinjani ikaja mwisho kabisa, pale pale inapotakiwa kuja. Hata jani la manjano lilikuwa bichi. Nilitafuta, na Mungu ni shahidi yangu, nilikigeuza kile kipande mdomoni huku na huku. Vitu vyote nilivyopata kumwambia kwa miaka kumi na miwili vilikuwa mle, kila kimoja kimerekebishwa, na chakula chenyewe kilikuwa kinakwenda kwa Rabiana.

Ningeweza kusema khulinjani imepungua. Angeniamini. Angesema, "Ndiyo, Amak," na mwakani angekuja kwa mlango wa nyuma na kibakuli, mjomba asijue, aniulize kama sasa imekaa sawa. Na mwaka wa pili yake. Neno lilikuwa tayari ulimini. Nilikuwa na uwezo wa kumfunga yule binti kwangu kwa uongo mdogo kama chembe ya pilipili, na nilitaka sana kumfunga.

"Imepungua nini, Amak?"

"Haikupungua kitu."

"Sema kweli."

"Nasema kweli. Nzuri. Mpelekee."

Akaniangalia kana kwamba nimempiga. Akaziba mdomo kwa mtandio, akalia kilio ambacho hata kwenye maziko ya Erizal hakukilia, maana siku ile alikuwa ananishika mimi nisianguke.

"Miaka kumi na miwili nimeingojea hiyo," akasema. "Na leo umenipa kama unavyompa mtu wa kuja."

Alisema sawa. Kwetu mtu wa kuja unamwambia chakula chake ni kitamu. Wa kwako ndiye unayemwambia ukweli, kwa sababu atarudi jikoni kesho, na wewe utakuwepo. Nilimwachia aende kwa njia pekee niliyoijua.

Mbele mama yake akaita, jua linapanda, Rabiana anangoja. Wita akanawa uso kwenye ndoo. Nikadhani imekwisha. Lakini akapiga magoti penye sinia langu, akafunua kawa.

"Na mimi nionje yako," akasema.

Hapa niseme jambo ambalo sikulisema mwanzo. Rendang ile ilikuwa na chumvi kupita kiasi. Nilipika nimefunga, siwezi kuonja, mawazo yamenichukua, nikatia chumvi mara mbili. Niliigundua Idi Mosi nilipoila. Wageni wote waliisifu, na wote waliomba maji. Ningeweza kuipunguza kwa tui jipya, siku nzima nilikuwa nayo. Sikupunguza. Niliibeba kichwani ikiwa vile vile mpaka ng'ambo ya mto, nikimletea mtu mmoja ambaye angeniambia usoni, yule aliyeniambia ulimi wangu umezeeka.

Akamega kipande, akatia mdomoni. Sasa mimi ndiye niliyekuwa natazama mdomo wa mtu. Akatafuna polepole. Akapepesa macho mara moja, mara mbili. Akameza kwa taabu. Akanyoosha mkono akachukua kikombe cha maji, akanywa chote, akakiweka chini taratibu.

"Tamu sana, Amak," akasema, na hakunitazama.

Nikamwambia ahsante, kama mtu anavyosema akiwa kwa watu, nikainuka kutafuta ndala zangu.